Kinasa Sauti cha Yudith

Jioni ile nilishuka Lushoto mjini kununua waya wa kinasa sauti. Ukungu ulikuwa umeshuka mapema. Kesho yake ndugu wa marehemu mke wangu walikuwa wanakuja kugawana vitu vyake, na nilitaka kutoa kitu kimoja kabla hawajakigusa: sauti yake.

Yudith alikuwa mtafiti wa vyura katika msitu wa Sigi. Safari ya mwisho alirudi hana sauti. Wiki mbili hakutamka neno, kisha akafa. Daktari aliandika uvimbe wa koo. Niliyakubali maandishi hayo kwa sababu yaliandikwa na mtu aliyesoma.

Nyumbani nilimkuta Danieli, mdogo wake Yudith, amewahi siku moja. Ni mwinjilisti. Jumapili huhubiri, Jumatatu huvaa hirizi chini ya shati.

"Shikamoo, shemeji."

"Marahaba. Vua viatu."

Nikakichomeka kinasa kwenye kompyuta yangu, ambayo Yudith naye aliitumia. Linux, mfumo unaoiendesha, hukipa kila kifaa faili lake, na kila faili lina mwenyewe. Jibu likaja: huna ruhusa.

Danieli akanong'ona, "Dada amekataa."

"Dada yako amekufa. Iliyokataa ni programu."

"Vyeti vyote vile, shemeji, na unafungiwa mlango na kidude kama kiberiti?"

Nikatazama orodha. Faili la kinasa, /dev/ttyUSB0, mwenye ruhusa: yudith, peke yake. Nikabadilisha kwa mkono, kwa nguvu ya msimamizi. Kabla sijafungua, kinasa kikazima, kikawaka.

Nikatazama orodha: yudith tena.

Hilo halina uchawi. Faili la kifaa huzaliwa upya kila kifaa kinapowaka, na mahali fulani kuna kanuni inayoliandikia jina la mwenyewe. Mjinga hushangaa. Fundi huitafuta kanuni.

Niliipata. Aliiandika Yudith mwenyewe, siku aliyorudi kutoka Sigi. Juu yake aliacha mstari mmoja wa maelezo:

Asifungue mtu mwingine. Anayesema humu si mimi.

Danieli alisoma juu ya bega langu.

"Shemeji... acha. Nakuomba."

"Aliandika kwa homa tu," nikasema. "Kaa chini."

Nikaifuta kanuni. Nikajiongeza katika kundi la wanaoruhusiwa kufungua vifaa, nikatoka kwenye akaunti, nikaingia upya. Wengi husahau hatua hiyo, kisha humlaumu shetani. Nikachomeka.

Kikafunguka.

Mvua. Vyura. Kisha vyura wakanyamaza, wote kwa pamoja... Harufu ya majani yaliyooza ikajaa sebuleni, na madirisha yalikuwa yamefungwa.

"Danieli..."

Ilikuwa sauti ya mke wangu. Safi. Karibu. Nilishika meza.

Huku kwetu mtoto hufundishwa hivi: ukiitwa jioni na usiyemwona, usiitike mara ya kwanza. Mtu mwema ataita tena. Kingine hakiwezi kuita mara mbili. Danieli aliyajua hayo kuliko mimi, tena aliyaamini. Lakini aliyemwita alikuwa dada yake, na alikuwa hajamsikia tangu masika.

"Naam, dada!"

Spika ikakwaruza kidogo. Kimya.

Danieli akafungua kinywa aniambie jambo. Hakikutoka kitu. Akajishika koo. Akafungua tena...

Hakikutoka kitu.

Ni mwezi wa tatu tangu jioni ile. Yu hai, analima, haongei. Madaktari wameandika uvimbe wa koo. Ndugu zake wanasema nimemloga, na sina muda wa kubishana na watu wa namna hiyo. Kanuni niliyoifuta imerudi. Jina lililomo ni danieli, na mashine yangu haina mtumiaji wa jina hilo. Sina maelezo.

Ningepaswa kukitupa kinasa. Badala yake hukichomeka kila jioni, nikaipita ruhusa kwa nguvu ya msimamizi, nikaketi. Baada ya vyura kunyamaza, huniita jina langu, mara moja, kwa sauti ya Yudith, vile alivyokuwa akiniita kutoka jikoni chakula kikiiva.

Hukaza meno, nikafumba macho.

Nasubiri aite mara ya pili.