Hakuna wa Kumvua Glovu

Soko la viatu vya mitumba lilikuwa limefurika. Wachuuzi walipayuka, wateja walikanyagana, na katikati ya msongamano ule palikuwa na nafasi tupu inayotembea. Ndani ya nafasi hiyo alikuwamo mwanamume mmoja mrefu, mpana, mwenye mabega ya kuziba mlango. Watu walimpisha kabla hajaomba. Kwenye ghala la saruji alikopakia malori walimwita Kontena.

Msichana mmoja hakumpisha. Alikuwa amechuchumaa mbele ya rundo la viatu, gauni la manjano, kitambaa chekundu kichwani, akipima uzito wa kiatu kwa kiganja.

"Samahani dada, nisije nikakukanyaga."

"Ukinikanyaga, jeneza juu yako," alijibu bila kutazama. Kisha akainua uso, akauinua tena. "Makubwa! Kaka, unatafuta viatu au mitumbwi?"

Kontena akacheka mpaka muuzaji akageuka. Mwenyewe alishangaa, kicheko chake alikuwa amekisahau.

"Natafuta chochote kitakachoingia."

"Basi kaa hapa. Lete mguu huo tuuhurumie."

Alipekua rundo hadi akamtolea buti moja, kisha mwenzake. Walipoachana, kila mmoja alikuwa na namba ya mwenziwe.

Msichana huyo watu walimwita Dada Kona. Kaka yake, Nyigu, alikuwa bondia mwembamba mwenye miguu isiyotulia, na tangu baba yao mwalimu wa ngumi afariki, ni yeye aliyekaa kwenye kona ya kaka yake kila pambano: kumfunga bandeji, kumnywesha maji, kumwambia mpinzani ana udhaifu gani. Wawili hao hawakuwa na mtu mwingine.

Kontena yeye hakuwa na mtu kabisa. Kwenye basi, kiti cha pembeni yake kilibaki kitupu hata abiria wakisimama. Chumbani kwake hakukuwa na sauti nyingine ila ya jirani wa ukuta wa pili. Kwa hiyo simu ilipoanza kuita kila jioni, aliipokea kabla mlio haujaisha.

"Umelala, Kontena wangu?"

"Kitanda ndicho kimelala. Mimi nimening'inia tu."

"Pole, mpenzi. Tutakitafutia kitanda hicho kaka yake mkubwa."

"Sema tena."

"Kitanda?"

"Hapana. Ile nyingine."

"Mpenzi," alisema, na upande wa pili ukawa kimya kwa muda mrefu, kimya cha mtu anayemeza kitu kitamu polepole.

Siku Dada Kona alipompeleka Kontena kwenye ukumbi wa mazoezi, Nyigu alimzunguka mgeni kama anayekagua nyumba ya kupanga.

"Shemeji, mwili unao. Lakini mwili bila ujuzi ni gunia tu."

"Na ujuzi bila mwili?" Kontena aliuliza kwa utani.

"Huo ndio unaopasua magunia."

Walicheka wote. Bahati mbaya promota mmoja alikuwa mlangoni, naye hakucheka. Aliwatazama walivyosimama, mmoja akimfikia mwenzake kifuani, akaona akilini ukumbi uliojaa. Mabango yalibandikwa kuta nzima: ukubwa na ujuzi, nani zaidi? Ghafla watu waliokuwa wakimkwepa Kontena walimwita barabarani, wakamshika mkono, wakaomba kupiga naye picha. Akakubali kupigana.

Dada Kona alipopata habari alipiga simu papo hapo.

"Kataa. Nakuomba. Hujui ngumi wewe."

"Nabeba mifuko kutwa nzima. Nguvu ninazo."

"Mfuko haukwepi! Kaka atakuchosha, halafu atakuaibisha mbele ya watu."

"Kumbe unaniona gunia na wewe."

"Sijasema hivyo."

"Utakaa kona ya nani?"

"Ya kaka yangu. Nilimwahidi baba. Unajua."

"Sawa," alisema Kontena, akakata. Alichosikia yeye ni kwamba amechaguliwa mwingine. Wala hakukumbuka kwamba swali lake halikuwa na jibu jema.

Jumapili alasiri ukumbi ulipasuka kwa kelele. Kontena alipanda ulingoni na mpakiaji mwenzake aliyekubali kumshikia ndoo. Raundi ya kwanza alirusha ngumi nzito za kuangusha ukuta, zikapiga hewa. Nyigu aliinama, akatoka pembeni, akamgusa uso kwa mkono wa kushoto, akatoka tena. Mara moja tu ngumi ya Kontena ilimpata begani, na Nyigu akarushwa hadi kwenye kamba. Ukumbi mzima ukabana pumzi. Lakini miguu iliyofundishwa ilimtoa hapo kabla ngumi ya pili haijafika.

Raundi ya pili Kontena alihema kama mvukuto. Watu walianza kucheka. Kila alipokosa, kicheko kilipanda. Mwenzake wa ndoo aliona aibu, akateremka, akajichanganya na umati.

Kengele ikalia. Upande mmoja, Dada Kona alimfuta kaka yake jasho. Upande wa pili, mtu mkubwa aliketi peke yake kwenye kiti kidogo, hana wa kumpa maji. Akamtazama Dada Kona ng'ambo ya ulingo. Aliona midomo yake ikisema: "Tumboni. Mikono imeshuka. Mmalize."

Nyigu akammaliza. Ngumi mbili za tumbo, na Kontena akapiga goti, hakuinuka hadi mwamuzi alipomaliza kuhesabu.

Alitokea mlango wa nyuma, glovu zikiwa bado mikononi, kamba zimefungwa kwenye vifundo, kwa kuwa hapakuwa na mtu wa kumfungulia. Alitembea hivyo mpaka nyumbani. Mlango aliufungua kwa bega. Simu aliyokuwa ameiacha kitandani ikaanza kuita. Aliinyanyua kwa kuibana kati ya glovu mbili, akaona jina, akajaribu kubonyeza kwa pua, kwa kidevu. Ikamponyoka, ikatumbukia kwenye ndoo ya maji. Kontena akakaa sakafuni, akalia. Kamba alikuja kuzikata jirani, mama mmoja mzee aliyevutwa na kilio. Hakuuliza kitu, na Kontena hakueleza.

Dada Kona alipiga tena na tena. Haipatikani. Akasema moyoni: amenifungia, na ana haki. Aibu ikamzuia kwenda. Majuma yakapita. Kontena naye, hana simu, alisubiri hatua mlangoni ambazo hazikuja, akasema: ameshinda na kaka yake, wamesherehekea.

Ni Nyigu aliyevunja ukimya huo. Alikuwa akipanga vifaa vya ukumbi.

"Glovu zake hazikurudi," alisema. "Hivi nani alimvua siku ile?"

Dada yake akaacha kufagia. Alijaribu kumkumbuka mtu yeyote aliyepanda kwenye ile kona. Hakumwona.

"Hakuna, kaka," alisema. "Hakuna aliyemvua."

Nyigu akachukua ufagio mkononi mwake. "Nenda. Hapa nitamaliza mimi."

Dada Kona alimkuta Kontena ghalani adhuhuri, ameketi juu ya mifuko ya saruji, mweupe wa vumbi kutoka kope hadi buti. Wapakiaji wengine walikuwa wanakula pamoja kwa mbali.

"Niliona simu yako haipatikani. Nikadhani umenifungia."

"Iliingia majini. Nilikuwa na glovu."

Dada Kona alifunika mdomo. Kisha akasema: "Nilimwambia akupige tumboni ili iishe. Kila ngumi ya uso nilikuwa naihesabu mimi."

"Ulisema kweli. Ujuzi ni ujuzi. Ukubwa wangu ni wa kupakia lori." Alitazama viganja vyake. "Sina hasira na wewe, wala na shemeji. Nina upweke tu. Nilipanda pale kwa sababu watu walikuwa wananiita."

"Nami sikuja."

"Usingeweza kuja."

"Siku ile, hapana. Leo nimekuja." Akapangusa mfuko, akaketi pembeni yake, bila kujali gauni lake safi. "Nioe."

"Unaniposa wewe? Humu kwenye vumbi?"

"Ungeniposa lini, wakati hata simu huna?"

Kicheko kikamtoka, kikiwa na maumivu ya mbavu ndani yake. Lori likapiga honi getini, na msimamizi akaita, "Kontena! Mzigo!"

Yule mtu ambaye maisha yake yote aliinuka alipoitwa, hakuinuka.

"Ngoja," alisema. "Nina mtu hapa."