Kisu cha Nanga

Bilali alipokichomoa kile kisu alani, bapa lake lilitoka limelowa. Désiré, aliyekileta, alikuwa amemwambia kwamba kilikuwa cha babu yake, kikakaa miaka ishirini sandukuni kwa marehemu mama yake bila kuguswa.

Bilali, fundi wa fedha wa Kabondo, alikuwa mkusanyaji wa visu vya kale, lakini cha afisa wa jeshi la majini la Wajerumani hakuwahi kukishika. Alisogea nacho mlangoni penye mwanga. Taji la shaba juu ya mpini lilikuwa zima. Mpini wenyewe, wa pembe ya ndovu, ulikuwa na ufa mmoja mwembamba. Nanga iliyochorwa kwenye bapa ilionekana vizuri, ila ncha ilikuwa imeliwa na kutu. Alifuta yale maji kwa kidole, akaonja. Chumvi.

"Uniachie juma moja, niipime muzuri," alisema. Moyoni alikwisha kukitaka.

Kesho yake asubuhi mkewe, Madina, alisimama jikoni akitazama miguu yake, akamwita mumewe.

"Papa Leila, chini iko maji. Na mvua haikunyesha."

Kisha ikaja harufu, si ya samaki wa mtoni, bali ya kitu kilichooza ndani ya chumvi. Siku ya tatu adhuhuri Madina akaanza kukohoa, amekaa kwenye mkeka mkavu, na kila alipofungua kinywa yakatoka maji, mengi kuliko awezayo kunywa mtu, na katikati ya maji hayo sauti nzito ya kiume ikaita na kuita, kwa lugha ambayo nyumbani mule hakuna aliyewahi kuisikia.

Bilali alipanda pikipiki hadi kwa Désiré.

"Uniambie kweli. Nkambo yako aliipata namna gani?"

Désiré aliinamisha macho. "Mu vita ya kule Tanganyika, ku bahari. Muzungu alikuwa anazama, akanyoosha mukono. Nkambo akakamata kisu mu mukaba ya kiuno yake. Alafu akamuacha."

Maalimu Hemedi wa msikiti wa mtaani, aliyeitwa na Bilali, alipofika alisoma Ayatul Kursi mara saba, na kisu hakukigusa.

"Uirudishe mu maji, sasa hivi. Usiichomoe tena."

Mtumbwi ulipofika katikati ya mto, Bilali alishindwa kujizuia. Alikichomoa, akaitazama ile nanga mara ya mwisho, ndipo akakitupa.

Aliporudi sakafu ilikuwa kavu. Madina alikuwa amekaa, akisimulia habari za sokoni huku akicheka. Bilali alimkumbatia, machozi yanamtoka. Maalimu alikuwa amesimama karibu na mlango, akiyatazama mabega ya Madina.

"Bilali," alisema polepole, "umuache, utoke inje. Tangu ameanza kuongea, bibi yako hajapumua."

Bilali alijaribu kujitoa. Mikono ya Madina ikamkaza shingoni, baridi, imelowa, kama ya mtu anayezama aliyepata cha kushika.