Joto la Mayai ya Chatu

Haya yalimpata mama mdogo Justa. Aliyenisimulia ni mama yangu mzazi, Wilhelmina, dada yake, aliyeyaona kwa macho yake pale Nyegezi. Ulikuwa mwaka wa mgao wa umeme, baada ya kiwanda cha pamba alichofanyia kazi mume wa Justa, Venant, kuuzwa na wafanyakazi kupunguzwa.

Venant hakujua kukaa bure. Alisikia kuna watu wananunua watoto wa chatu kuwapeleka ng'ambo, akapanda kwenye mawe nyuma ya nyumba waliyopanga. Alirudi mchana na mayai kwenye ndoo, anacheka. Akamweleza mkewe kwamba alimkuta chatu amejizungusha juu ya mayai, anatetemeka mwili mzima ili kuyatia joto. Akamkata kwa panga. Chatu hakukimbia wala hakupigana. Alizidi tu kujikaza.

"Ungemwacha," Justa alisema.

Venant alikuwa fundi. Alichukua friji bovu, akafunga balbu ndani, akaweka beseni la maji ili hewa isikauke, akatandaza maranda ya mbao na kuyapanga mayai juu yake. Kipimajoto alikichomeka kwenye tundu la mlango. Majirani walikuja kukitazama kiangulio chake na kukisifia.

Kisha umeme ukakatika. Venant alikimbilia kipimajoto. Joto halikushuka. Akadhani ni maranda. Umeme ukakatika tena, mchana kutwa. Joto halikushuka.

Chumbani, Justa alikuwa anatetemeka.

Walidhani ni malaria. Hospitali wakapima damu, hawakuona kitu. Nesi alimshika mkono, akauachia haraka. Ulikuwa wa baridi kama samaki aliyetolewa kwenye barafu. Umeme uliporudi, Justa akapata nafuu, akala. Ulipokatika akaanza tena, na nje jua linawaka.

Siku moja mama alimkuta sakafuni, kajikunja kulizunguka friji, tumbo limegandamana na bati. Meno yanagongana.

"Inuka, mdogo wangu."

"Siwezi, dada. Yatapoa."

Mama akamgeukia Venant. "Yavunje!"

Venant akatoa yai moja, akalibonyeza kwa dole gumba. Ganda lilikuwa laini kama ngozi. Justa akapiga ukelele, akashika mbavu. Venant akalegeza. Justa akapumua. Akabonyeza tena, kidogo tu. Ukelele ukatoka tena.

Akalirudisha yai mahali pake, analia.

Kesho yake alitaka kuyarudisha yote kule kwenye mawe. Ndoo ilipovuka kizingiti, Justa aliacha kupumua. Mama alimtikisa, akamwita jina. Venant alirudi ndani mbio na ndoo yake, na Justa akavuta pumzi.

Hawakuwa na la kufanya. Umeme ulipokatika, Venant aliwasha kandili na kuliweka ndani ya friji. Justa hakuacha kutetemeka. Mchungaji alikuja, akaomba, akaondoka bila kunywa chai. Justa akazidi kukonda. Mwisho walibaki kukaa kando yake tu, wanamwangalia.

Jumapili mchana, mama akimnywesha uji, walisikia sauti ndani ya friji. Ndogo ndogo. Kama mtu anachana khanga.

Justa akatulia. Mwili wote ukatulia.

"Asante Mungu," Venant akanong'ona. "Yanaanguliwa. Yamekwisha."

Justa akatabasamu, akafumba macho. Mama akamgusa shavu. Lilikuwa baridi na gumu, kama la mtu aliyekufa tangu jana.

Venant alifungua friji. Alikuwa amelifunga kwa kamba, na fundo lilikuwa palepale. Ndani kulikuwa na maganda matupu. Nyoka hakuwepo hata mmoja.

Baada ya mazishi Venant alirudi kwao Nansio, na mpaka leo hataki kuulizwa.

Mimi nilikwenda Nyegezi baadaye sana, kuiona tu nyumba. Mwenye nyumba, mzee Ndalahwa, alinifungulia chumba kile kilichokuwa na friji, sasa kitupu. Hakuna mpangaji aliyekaa humo tena.

"Vua viatu," akaniambia.

Sakafu ya saruji ilikuwa baridi. Nikapiga hatua. Baridi. Nilipofika katikati, unyayo ukakutana na joto, mviringo, mkubwa kiasi cha mtu aliyejikunja.

Ndani ya mviringo ule palikuwa na maganda ya mayai ya kuku, yametobolewa kutoka ndani.

"Kuku wa jirani wanapita dirishani," mzee alinong'ona. "Wanataga hapo na kukimbia. Hakuna anayeatamia."