Punda wa bibi hasimami

Ilikuwa Jumanne, tarehe ishirini na tisa Oktoba. Asubuhi hiyo ukungu ulishuka kutoka mlimani na baridi iliuma masikio. Lakini ndani ya duka la mikate la Fermín, katika mji mdogo wa jimbo la Puebla, tanuri liliwaka tangu alfajiri. Lilikuwa juma la mikate ya marehemu, ile inayookwa kwa sikukuu ya kuwakumbuka wafu, ambapo roho zao husemwa hurudi nyumbani usiku.

Fermín alikuwa akikanda unga. Binti yake Yareli, mwenye miaka minane, alikuwa pembeni akifinyanga punda kwa plastisini, ule udongo laini wa rangi wa watoto wa shule. Punda alisimama kidogo, miguu ikalegea, akaanguka kifudifudi.

"Baba, ameanguka tena."

Punda huyo hakuwa mchezo. Bibi yake Yareli, Mama Chona, aliyemzaa Fermín, alifariki mwezi wa nne. Alhamisi darasa lao lingepanga meza ya kumbukumbu, na kila mtoto angeweka kitu alichomfinyangia marehemu wake. Yareli alimchagua Canelo, punda aliyebeba mikate ya bibi miaka yote. Asipomaliza, bibi atakuja usiku wa marehemu akute wenzake wamekumbukwa, yeye hana kitu.

Mwalimu aliwaambia wachore kwanza. Fermín alikuwa amemkatalia binti yake. Mikono ndiyo inayojua, alisema. Bibi hakuwahi kuchora mkate.

"Lete hapa," alimwambia sasa. "Mimi si mwokaji wa jana."

Akanyunyiza unga ili udongo usinate. Akaukanda, akafinyanga punda mnene, akamweka karibu na tanuri apumzike, kama anavyoliacha donge la mkate liumuke. Aliporudi, miguu ilikuwa imetandazika kama siagi na masikio yalikuwa chini. Aliyabandika, yakadondoka. Aliyabandika tena, yakadondoka tena. Yareli hakulia. Alitazama tu, na hilo lilimuuma baba yake zaidi. Fermín akafanya ishara ya msalaba, akamuuliza Mungu huu ni unga wa namna gani.

Kesho yake alimbeba punda hadi shuleni ndani ya boksi la mikate, Yareli akiwa pembeni yake.

"Mwalimu, udongo huu una nini? Umeniaibisha mbele ya mtoto."

Mwalimu Eduviges aliufikicha kwa vidole. "Bwana Fermín, humu umetia unga?"

"Kidogo tu."

"Ungetia na sukari, tungenywea chai."

Kisha akaeleza kwa upole. Unga huzuia vipande kushikana, na joto hulegeza plastisini. Angempa Yareli udongo mwingine. Lakini shida kubwa, alisema, ni kwamba hakuna aliyeamua punda huyu ni yupi. Fermín akachanganyikiwa zaidi. Punda si punda tu?

Mwalimu akamgeukia Yareli. "Ukimkumbuka Canelo, unamwona anafanya nini?"

Yareli alimtazama punda aliyekuwa ndani ya boksi.

"Amelala," alisema. "Bibi akiingia kusali, yeye alikuwa analala mlangoni pa kanisa na vikapu vyake. Watu walimruka. Padri alikuwa ananuna."

Fermín alicheka mpaka machozi yakamtoka. Alikuwa amesahau.

"Basi mchore huyo," mwalimu alisema.

Yareli alimchora kwa ubavu, kisha kwa mbele, miguu imekunjwa chini ya tumbo. Mwalimu akamwongoza aandike pembeni: ukubwa wa kiganja, mwili wa kahawia, vikapu vya njano. Aanze na mwili, kisha shingo yenye kijiti ndani, kisha kichwa. Masikio yaje mwisho. Kabla ya kuunga vipande, akwaruze pande zote mbili, halafu alainishe kiungo kwa kidole.

Fermín bado hakuelewa karatasi ya nini, ikiwa kazi itafanywa na mikono.

"Karatasini akikosea anafuta," mwalimu alimjibu. "Anafikiri kabla udongo haujamchosha."

Jioni Yareli alifanya kazi mbali na tanuri, mchoro ukiwa umeegemea kopo la sukari. Fermín aliona shingo ni nyembamba mno. Akanyoosha mkono.

"Tazama mchoro, baba."

Akatazama. Shingo ilikuwa nyembamba kwa sababu Canelo alikuwa mzee. Fermín akarudisha mikono ndani ya aproni.

Alhamisi Canelo alilala mezani, kati ya mishumaa na maua ya njano, mbele ya picha ya Mama Chona. Hakuna sikio lililodondoka. Mama mmoja mzee aliinama akamtazama vizuri.

"Huyu si ndiye alikuwa anatuzibia mlango wa kanisa?"

Wazazi wote walicheka. Fermín akavua kofia, akasogea mbele ya picha.

"Mama," alisema kwa sauti, "nakuahidi mbele ya watu hawa. Mwakani Yareli atachora kwanza, na mimi sitagusa udongo mpaka aniite."

"Na unga?" Yareli aliuliza.

"Na unga nitauacha dukani."