Ukuta wa Moto wa Usoke

Kila asubuhi, kabla ya kengele, Leonia alifuta vumbi kwenye chumba cha kompyuta cha shule yao pale Usoke. Humo mlikuwa na seva mbili, yaani kompyuta zinazotunza masomo ya shule nzima. Muhula uliopita virusi viliingia kupitia intaneti vikafuta masomo yote ya sayansi. Aleksi na wenzake wa darasa la saba walitumia likizo kuyaandika upya, na mtihani wa taifa ulikuwa unabisha hodi.

"Tutanunua ruta, kile kifaa cha kuunganisha intaneti, yenye ukuta wa moto," Mwalimu Consolatha aliiambia klabu ya kompyuta. "Nani anajua kazi yake?"

"Mimi, mwalimu," Leonia alidakia. Kiherehere hicho.

"Vizuri. Basi utanisaidia kuchagua."

Jumamosi walipanda basi hadi Tabora mjini, kwenye duka la vifaa vya kompyuta la Najiat. Leonia alizungukazunguka, kisha akashika ruta kubwa ya chuma yenye antena nyingi.

"Tuchukue hii. Chuma chake ni kinene, hata chumba kikiwaka moto haitaungua."

Najiat alijiuma mdomo asicheke. "Mdogo wangu, moto gani huo?"

Leonia aliona aibu mpaka masikio yakamwaka. Angeweza kusema anatania, maana kujinasua alikujua. Lakini aliwafikiria kina Aleksi na likizo yao iliyopotea.

"Samahani, mwalimu. Nilisema najua, kumbe sijui."

Mwalimu hakumgombeza. "Ukuta huu hukagua kila kitu kinachotoka kwenye intaneti. Kizuri hupita, kibaya hubaki nje."

Leonia, mtoto wa mkulima wa tumbaku, alitafakari kidogo. "Kumbe ni kama kwenye bani letu la kukaushia tumbaku. Ukuta unapitisha joto kwenye mabomba, lakini cheche haziyafikii majani."

"Hapo umeelewa."

Sasa maswali yalimtoka mfululizo. "Dada, ikikagua kila kitu, intaneti haitakuwa nzito? Na virusi vipya itavijuaje?"

"Hiyo kubwa kiwanda hakiipelekei tena masasisho, yaani taarifa mpya za virusi, kwa hiyo virusi vipya haivijui," Najiat alijibu. "Hii ndogo bado inayapata, na kwa seva mbili kasi yake inatosha."

"Basi ni hii ndogo," Leonia alisema, na mwalimu akaafiki.

Waliifunga shuleni Jumatatu. Kabla wiki haijaisha, maandishi mekundu yalitokea kwenye kompyuta ya mwalimu: virusi vimezuiwa. Aleksi alikimbilia kwenye seva, akafungua masomo moja baada ya jingine. Yote yalikuwepo. Darasa zima lilipiga makofi na vigelegele, na Leonia akabebwa juu juu kwa furaha.

Mwalimu Consolatha aliwaacha washangilie mpaka wakatosheka.

"Kule dukani Leonia angeendelea kujifanya anajua, leo tungekuwa tunalia tena," alisema. "Alikubali kwamba hajui, akauliza. Nanyi msione haya kuuliza. Haya, fungueni somo la sayansi."