Pasi kwa Gauni la Harusi

"Mtoto wako amekusudia," fundi cherehani alisema, akiinua gauni jeupe lenye duara la matope ya mpira kifuani. "Kamba imejaa nguo, yeye kachagua hili. Na bibi harusi analivaa kesho."

"Jirani, mtoto wangu hana kichaa," mama alijibu, mkono kiunoni. "Na nani huanika gauni la harusi mahali watoto wanapochezea?"

Wapangaji wakajitokeza mmoja mmoja, kila mtu na kisingizio chake. Mmoja alikuja kufagia mahali palipokwisha kufagiliwa.

Nyigu, msichana wa miaka kumi na miwili, alisimama kati yao na mpira kwapani. Jina hilo alipewa na wenzake kwa jinsi alivyowasumbua uwanjani wachezaji wa kiungo wakubwa kumzidi. Kesho kulikuwa na mchujo wa timu ya wilaya.

"Sema mwenyewe," mama akamwambia. "Ulikusudia?"

"Ndiyo, mama."

Mkono wa mama ukashuka kutoka kiunoni. Hakutarajia hilo hata kidogo. "Basi kesho huendi popote."

Nyigu akainama. Adhabu ya mama ilikuwa ya siku moja tu. Lakini kweli yenyewe ikijulikana, aliamini, hatacheza tena maishani.

Hapo shangazi yake akaingia na begi la mazoezi. Alikuwa likizo. Kwa miaka mingi alikuwa kiungo wa timu kubwa, na mashabiki walimwita Darubini, maana alipiga pasi ndefu kama mtu anayeutazama uwanja kutoka juu ya paa. Jicho lake moja lilikuwa jekundu kwa vumbi. Akanawa mikono bombani kwa sabuni, akapanua kope, akachomoa kitu kutoka ndani ya jicho.

Fagio likaanguka.

"Jamani, anang'oa jicho," fundi akanong'ona.

"Sing'oi kitu, dada. Hii ni lenzi, miwani ya kuvaa ndani ya jicho. Bila hizi, nyote hapa ni ukungu mtupu."

"Darubini haoni?" akauliza mwenye fagio, mguu mmoja tayari umegeuka kupeleka habari.

"Sioni mbali tangu utotoni. Timu yangu ya kwanza nusura initimue. Pasi zangu zilikuwa zinawaendea wapinzani, kocha akadhani nimehongwa. Daktari wa timu ndiye aliyenipima macho."

Nyigu aliuachia mpira ukabingirika.

"Shangazi, sikukusudia," alisema kwa sauti ndogo. "Niliona kitu cheupe, nikadhani ni winga wetu. Nikampa pasi."

Fundi akalitazama gauni, mikono yake ya lesi ikining'inia.

"Winga," akasema polepole. "Mtoto huyu haoni."

"Lakini shuleni walikupima macho," mama alisema, akikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa.

"Nilikariri herufi alizosoma aliyenitangulia. Niliogopa wataniondoa kwenye timu."

"Kwa hiyo ukaona heri uitwe mtukutu?" shangazi akauliza.

Nyigu akaitikia kwa kichwa. Kisha akamgeukia fundi. "Nisamehe, mama. Nitalifua mimi."

Walilifua pamoja, kwa maji baridi na sabuni laini, fundi akielekeza kila kidole, mpaka doa likatoka.

"Wifi," shangazi alimwambia mama, "kesho tunaanzia kwa daktari wa macho, ndipo twende kwenye mchujo. Ipo miwani ya michezo yenye mkanda." Akamgeukia Nyigu. "Sikiliza, mwanangu. Kazi ya kiungo ni kuona kwanza, kukimbia baadaye. Nilichelewa kusema, nikapoteza msimu mzima benchi. Mwili ukikusumbua, mwambie mtu mzima siku hiyohiyo. Wewe umedanganya mara mbili kuficha kitu chenye dawa."

Nyigu akasema amesikia, na mama akaifuta adhabu yake. Fundi alianika gauni upya, safari hii mlangoni kwake, akakusanya vibanio vya nguo, akageuka kuondoka.

"Unakwenda wapi?" mama akamuuliza. "Chakula kiko tayari. Karibu ndani, jirani. Utakaa karibu na Nyigu, akuone vizuri."