Kipimo cha Shingo

Mvua ilishuka ghafla juu ya soko kuu la Bunia. Watu wakakimbia na mizigo vichwani, pikipiki zikapanda hadi kwenye mafungu ya nyanya, na kijana mmoja wa shati jeupe akaingia chini ya turubai la Vahwere, binti mshonaji, akagonga cherehani kwa goti.

"Papa, mashine yangu haikukosea kitu," Vahwere alisema bila kuinua macho.

"Niipe pole. Na mwenyewe?"

"Mwenyewe anangoja mvua iishe, uende."

Kijana huyo, Delphin, hakwenda mbali. Kesho yake alileta suruali nzima ishonwe, kisha shati zima, mpaka Vahwere, mwenye kitenge cha njano na utepe wa kupimia shingoni, akacheka.

"Nguo yako yote iko mugonjwa?"

"Hapana. Miye njo mugonjwa."

Wakawa wanapigiana simu kila jioni. Vahwere alipomuuliza kazi yake, "Ya serikali," Delphin alijibu, akageuza maneno. Alikuwa amekwisha kusikia jinsi familia ya Vahwere ilivyokimbia vita kijijini Boga, na jinsi mama yake, akisikia buti za askari barabarani, anavyoingiza kuku ndani ya nyumba. Kwetu vita haikai msituni tu. Imeingia hata ndani ya nyumba, hata kabatini.

Siku moja Delphin alimwachia mfuko uliofungwa. "Mukono ya nguo imepasuka, chérie. Fungua nyumbani, kisha unipigie. Mudomo yangu imeshindwa kusema."

Vahwere alifika nyumbani, mtaa wa Saio, amechoka, akauweka mfuko chini ya kitanda. Alfajiri askari wakaja kusaka mtaa mzima. Wao ndio walioufungua, wakatoa tenue, sare ya kijeshi. Raia akikutwa na tenue haulizwi jina, anaulizwa kundi lake la waasi. Wakamchukua kaka yake, Mumbere.

Vahwere akapiga simu.

"Kumbe weye iko askari."

"Ndiyo."

"Ulinidanganya siku yote ile."

"Niliogopa utanifukuza."

"Basi nimekufukuza. Na Mumbere iko mu cachot, wamemufunga juu ya tenue yako."

"Ninaenda kule sasa hivi."

Askari anayetoa tenue yake nje ya kambi naye ana kesi. Delphin alisimama mbele ya mkubwa wake na shati lile jeupe, Vahwere na mama yake wakiwa mlangoni.

"Hii iko yangu," alisema. Akakunja mkono wa shati. Kovu la risasi lilikaa palepale tenue ilipopasuka.

Mchana Mumbere akaachiliwa. Delphin akapewa adhabu yake: kupanda lori la kwanza la kwenda mapiganoni.

Asubuhi ya safari raia walikaa mbali na lori, kama kawaida. Vahwere alivuka nafasi ile peke yake. Akatoa sindano, akaushona mkono wa tenue Delphin akiwa ameivaa, akakata uzi kwa meno. Kisha akazungusha utepe wake wa kupimia shingoni mwa Delphin.

"Shingo ya nini? Ilipasuka mukono."

"Koti ya ndoa. Mumbere anasema shemeki hawezi kuya ku ndoa na shati ile moya."

Askari ndani ya lori wakapiga mbinja. Delphin hakugeuka.

"Vahwere, na kama…"

"Usimalize. Na usikonde kule. Nikishakata kitambaa, sirudilie."

Lori likaondoka na vumbi lake. Vahwere akarudi sokoni, kidole kikiwa kimebana utepe pale kipimo cha shingo ya Delphin kilipoishia. Hakuuachia mpaka alipotandika kitambaa na kushika mkasi.